Lango Bubu Haliimbiwi

Kwetu Mitunguu, wakwe wakija kuleta mahari hawaingii nyumbani hivi hivi. Lango hufungwa. Wao husimama nje na viondo vyao vya kusukwa, wanawake mbele, wanaume nyuma wakijifanya hawana haraka, na wanawake hao huimba kuomba kufunguliwa. Ndani wapo wanawake wa nyumba ya binti, nao hujibu kwa wimbo: mmetoka wapi, mnamtafuta nani, nani aliwaambia hapa kuna msichana. Wa nje hubembeleza, wa ndani huwarushia vijembe, na mambo huenda hivyo hivyo hadi wa nje washinde kwa maneno matamu au wa ndani wachoke kucheka. Ndipo komeo hutolewa. Kila ukoo una mwanamke wake wa kuongoza majibu ya ndani. Katika ukoo wetu, ni mimi.

Sikuchaguliwa kwa sababu ya sauti. Wenye sauti nzuri wapo, wanaimba kwaya kanisani na kuvaa joho. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya ulimi. Kazi yangu ni udalali wa ndizi. Nimezeekea kando ya malori nikibishana na wanunuzi wanaodai mkungu ni mdogo, huku wanauinua kwa mikono miwili na magoti yakitetemeka. Mtu aliyezoea kubishana na hao hashindwi na shangazi wa mtu.

Sasa chukua mtu wa namna hiyo, ambaye mdomo wake ndio jembe lake, halafu mdomo wenyewe uanze kuoza.

Ilianza na damu kwenye mswaki. Kidogo tu, ya kutema na kusahau. Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu ninayemjua hukifanya: pale panapotoka damu nikapaacha. Nilijiambia ni kidonda, na kidonda hakisuguliwi. Kadiri nilivyopaacha ndivyo damu ilivyozidi, na kadiri ilivyozidi ndivyo nilivyopaacha. Jirani mmoja akanishauri nisukutue kwa chumvi. Mwingine akaniambia nitafune muguka, yale majani ya jamii ya miraa, eti maji yake hukaza fizi. Nikatafuna, nikakosa usingizi, na fizi zikabaki vile vile.

Dawa yangu mwenyewe ilikuwa asali. Nyanya yangu, aliyekuwa mtu wa langoni kabla yangu, alinifundisha kushika asali mdomoni kabla ya kuimba, ile nyeusi ya Mbeere inayowasha koo kidogo, ndipo sauti itoke laini. Mimi nikaenda mbele zaidi yake. Nikawaza kwamba asali huponya kidonda cha mguu, basi itashindwaje na ufizi? Nikawa naipaka kwenye fizi kila jioni na kulala nayo. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Miaka ikapita na fizi zikaanza kurudi nyuma. Meno ya mbele chini yakawa marefu, kisha yakaanza kucheza nikiyagusa kwa ulimi. Harufu ikaja. Hilo la harufu ndilo lililonivunja. Nilijifunza kusimama mbali na watu, kuongea nikitazama pembeni, na kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Mkono huo ulizoea kazi yake hata ukawa unapanda wenyewe kabla sijajua kama jambo linachekesha. Ukoo ulipokuwa na shughuli nilitoa visingizio. Leo mafua, kesho goti, kesho kutwa ndizi zinaivia shambani. Binamu mmoja akaongoza langoni badala yangu, na wakwe wakaingia kabla hata hawajaanza kutoa jasho. Nilikaa jikoni siku hiyo nikimenya viazi na nilitamani kulia.

Nyumbani kwangu nilikuwa naishi na binti wa kaka yangu. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado anajifunza kutembea, na mimi ndiye niliyemlea. Aliniita Tata, kama kwetu watoto wanavyomwita shangazi. Alisoma, akafika chuoni kule Nchiru, akapanga chumba huko na wenzake. Siku moja akaja nyumbani na uso wa mtu aliyeficha kitu, akakaa mbele yangu, akachezea kikombe cha chai hadi chai ikapoa.

"Tata, kuna mtu."

"Mtu wa wapi?"

"Wa Embu. Huko Manyatta."

"Anafanya nini?"

"Anafundisha. Tata, anataka kuleta watu wao." Kisha akaniangalia moja kwa moja. "Na langoni nataka ukuwe wewe. Sitaki huyo mwingine. Hata kama ni goti, utaimba ukiwa umekaa."

Nikasema sawa. Mkono ulikuwa tayari mdomoni. Nilifurahi kwa ajili yake, tena sana. Kumkatalia huyu nisingeweza. Na kuimba kwa mdomo ule mbele ya watu wa Embu nisingeweza pia.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kwa daktari wa meno, Meru mjini. Alikuwa mtu mzima mwenye subira, akaniingiza kichuma chembamba kati ya jino na ufizi, akawa anasoma namba na msaidizi wake anaandika. Aliniambia ufizi umejitenga na meno na kufanya mifuko, na chini ya mifuko hiyo kuna ukoga mgumu kama mawe, na mfupa unaoshikilia meno umeanza kuliwa. Tiba aliyoijua ni upasuaji. Atakata ufizi, aufunue, asafishe mizizi ya meno, kisha aushone. Nikamwambia mimi humeza dawa ya kupunguza damu kuganda, kwa sababu ya mguu uliovimba miaka ya nyuma. Akatikisa kichwa, akasema basi itabidi kupanga kwa uangalifu na huenda nikatoka damu nyingi. Akasema pia kuwa yale ya mbele, kama nitachelewa, itabidi yang'olewe tu.

Hakuniambia jambo baya. Lakini mimi nilisikia kukata, nikasikia kufunua, nikasikia kushona, nikajiona nimelala na mdomo uliogeuzwa nje ndani kama soksi. Nilimshukuru, nikalipa, nikatoka. Sikurudi. Nikaenda kununua asali nyingine.

Kabla wakwe hawajaja kwetu, desturi ni sisi kwenda kwao kwanza kuona nyumba ambako binti ataolewa. Tukaenda Manyatta, mimi na wanawake wengine wa ukoo. Nyumba ilikuwa nzuri, kahawa nyuma, chai upande wa juu, ng'ombe wawili wa maziwa. Walitukaribisha kwa heshima. Kisha ikaletwa nyama. Katika mambo hayo, shangazi wa binti hupewa ubavu wake wa mbuzi peke yake, na lazima auume mbele ya wenyeji. Asipouma, maana yake ameona kitu kibaya na hataki undugu. Chakula cha ukweni hakirudishwi.

Wote walikuwa wananitazama. Binti yangu alikuwa ananitazama. Nikapiga moyo konde, nikauma.

Jino la mbele likajisogeza. Nililihisi likiinama ndani ya nyama, na maumivu yakapanda hadi sikioni. Niliutoa ubavu taratibu nikitabasamu kwa macho, na nikaona pale nilipouma, juu ya mafuta meupe, mstari wa damu. Nikaufunika kwa tishu upesi, nikautia kiondoni, nikasema kwa sauti ya furaha kwamba utamu huu nitaupeleka nyumbani wazee wauonje. Wenyeji wakapiga makofi. Nikadhani nimeponea.

Hapo akainuka mwanamke mmoja mrefu, mkavu, aliyefunga kitambaa cha manjano. Alikuwa shangazi wa kijana, dada wa baba yake. Akanijia akisema, "Mama, kuja unisaidie na hiyo sufuria, hawa wasichana hawajui kushika moto."

Nikamfuata hadi jikoni. Hakukuwa na sufuria ya kusaidiwa. Alifunga mlango kwa kisigino, akasimama mbele yangu na moshi ukitupita.

"Fungua mdomo."

"Ai! Kwani wewe ni daktari?"

"Niliona hiyo damu. Wengine hawakuona, mimi niliona. Usinione hivi, hata mimi nilikuwa naficha nyama kwa kiondo." Akavuta mdomo wake wa chini kwa kidole kilichonuka kitunguu. "Angalia yangu."

Nikaangalia. Meno yalikuwa marefu kidogo, ya mtu aliyewahi kuugua, lakini fizi zilikuwa za rangi safi na zimeyakumbatia vizuri. Akayagonga kwa ukucha ili nisikie.

"Hii yote ilikuwa inacheza," akasema. "Nilienda hapo Embu town, kuna kliniki. Hawakukata, hawakushona. Walitumia leza."

"Hiyo ni nini?"

"Ni taa."

"Taa? Nimulikwe na tochi nipone?"

"Si tochi, wewe! Ni mwanga wa kuunguza ile uozo iko ndani. Unapigwa sindano ya ganzi, hausikii kitu. Damu yenyewe nilitoka kidogo tu."

Nilimtazama kwa mashaka. Mimi ni dalali, na mtu akinipa kitu kizuri bila kuitisha chochote huwa nageuza mkungu kutazama upande wa chini. Nikamuuliza kwa nini ananisaidia, na hata hatujawa ndugu bado.

Akacheka, mdomo wazi, bila mkono. "Si ni wewe utakuwa ndani ya lango? Mimi ndio wa nje. Tumesikia mambo ya Mitunguu, kwamba kuko na mwanamke huko aliweka watu wa Chuka kwa jua mpaka mzee mmoja akalala chini ya mti. Nimengojea huyo mwanamke. Sasa nikuje nipate amefunga mdomo na leso? Nitaimbia nani? Lango bubu haliimbiwi."

Nilimwambia tu, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Akasema hapo ndipo nimesema ukweli, na akaniambia tukutane kliniki siku ya soko.

Alinisubiri nje ya kliniki na kitambaa chake cha manjano, na alikataa kubaki kwenye viti vya kungojea. Akaniingiza ndani kama mzazi anayempeleka mtoto shule. Daktari alikuwa msichana. Nasema msichana kwa sababu nina nguo zilizomzidi umri. Akatabasamu, akaniamkia kama nyanya yake, "Karibu, Cucu."

"Cucu ni nani?" nikamuuliza. "Mimi sijakuzalia mama."

Akaomba radhi, akaniita Mum, na tangu hapo tukaelewana. Alinipima kama yule wa Meru alivyonipima. Akatazama picha ya eksirei. Kisha akaniuliza nimekuwa nikitumia nini, nami kwa kujivuna nikamweleza habari ya asali. Aliweka kile kichuma chini.

"Mum, hiyo asali ulikuwa unampea nani? Wadudu wa ukoga hupenda sukari. Umekuwa ukiwapikia chakula cha jioni."

Shangazi wa Manyatta akacheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria mitungi yote ile ya asali.

Daktari hakunidanganya, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Alisema leza si miujiza. Kwanza atasafisha ukoga kwa chombo cha maji kinachotetema, kwa sababu mwanga hauondoi mawe. Kisha ataingiza leza kwenye mifuko kuua wadudu na kuondoa nyama iliyooza, ufizi upate nafasi ya kushika tena. Alisema kuna wanaohitaji kupasuliwa hata baada ya hapo, na kwamba gego moja la nyuma limeshakufa na hawezi kuliahidi chochote zaidi ya kuling'oa. Kuhusu ile dawa ya damu, alimpigia simu kwanza daktari wa mguu wangu, wakazungumza kwa muda. Nami nikamweleza habari ya lango. Akaniuliza shughuli ni lini, akatazama kalenda ukutani. Akasema, "Tukianza leo, tunaweza."

Wote mle ndani tulivalishwa miwani ya rangi. Yule shangazi, kwa kuwa alikataa kutoka, akapewa ya kwake, na akasimama kwenye kona kama fundi wa kuchomelea mageti. Leza yenyewe ilikuwa uzi. Nilitegemea mtambo mkubwa, na kumbe ni uzi mwembamba wa kioo unaotoka kwenye kalamu. Ganzi ilinifanya mdomo mzito. Nikasikia mlio mdogo wa kukatika katika, tik, tik, na uzi ukizunguka jino baada ya jino. Nikasikia harufu kama nywele zilizoguswa na moto. Maumivu sikuyasikia. Nilikuwa nimekamata mikono ya kiti kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi navyo, nikingoja kisu, na kisu hakikuja.

Daktari aliponiambia nisukutue, nikatema maji yenye wekundu hafifu tu. Nikayatazama kwenye beseni. Machozi yakanitoka, na yalikuwa ya hasira. Miaka yote ile nilikuwa nimejifungia jikoni nikimenya viazi, na huku tiba ilikuwa upande wa pili wa mto Thuchi. Shangazi wa Manyatta akanipa kitambaa chake cha mfukoni, akasema, "Lia sasa, siku ya lango nitakuliza mimi." Yule mwanamke hakujua kunyamaza, na nilimpenda kwa hilo.

Nilipewa masharti. Nisitafune kitu kigumu, nisiguse fizi kwa ulimi wala kidole, nisisugue pale hadi niambiwe, nisukutue kwa dawa niliyopewa, na nisipanue mdomo kwa kelele. Kwa hiyo mimi, niliyeuza ndizi maisha yangu yote na kuziona kama pesa za majani, nikawa sasa nazila asubuhi, mchana na jioni, zimepondwa. Binti yangu alinipikia uji na viazi laini, akawa ananilisha kwa ukali kama nilivyomlisha yeye alipokuwa mdogo. Kazini niliongea kwa mikono. Wanunuzi walifurahi sana. Mmoja aliniambia anaomba Mungu niendelee kuugua. Nikamwonyesha kwa vidole bei mpya, na ilikuwa kubwa kuliko ya kawaida.

Lakini kaka yangu, baba wa binti, alikuwa na wasiwasi. Aliniona nimenyamaza akadhani nimeisha. Jumapili moja baada ya kanisa akaja, akavua kofia, akazunguka zunguka na maneno.

"Nimeongea na kijana mmoja ako na spika kubwa. Ako na nyimbo za lango kwa simu. Ataweka tu, wakwe waingie, tuendelee na mambo."

Nilisahau masharti yote. "Lango la baba yetu lifunguliwe na redio?"

"Sasa tutafanya aje? Wewe hauimbi siku hizi. Kila mtu anajua."

"Basi kodisha pia bibi harusi wa plastiki, huyo wangu abaki nyumbani!"

Alivaa kofia akaondoka. Nilikaa pale kibarazani. Kaka yangu hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilikuwa kweli: kila mtu alijua. Nilikuwa sijui kama meno yangeshika. Sikuruhusiwa hata kuyajaribu kwa ulimi, na ulimi wa mtu mwenye jino linalocheza hauna amani. Niliukalia ulimi wangu kwa wiki kadhaa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu.

Siku ya kukaguliwa ilikuja ikiwa imebaki muda mfupi tu kabla ya wakwe. Daktari alichukua kile kichuma chembamba, akakiingiza pembeni ya jino la mbele, akakitoa, akaniinulia nikione. Kilikuwa safi. Hakikuwa na damu. Akafanya jino la pili, la tatu. Kisha akalibana lile la mbele, lililoniaibisha Manyatta, kwa ncha za vyombo viwili, akalisukuma huku na huku.

"Limeshika," akasema.

"Sema tena."

"Limeshika, Mum. Linasonga kidogo sana, na litazidi kutulia. Hapa upande wa kushoto kuna mfuko mmoja bado, tutarudia. Na utakuwa ukikuja nikusafishe, hii ugonjwa hurudi kwa mtu mvivu. Mswaki kila siku, hata pahali pamekuwa pakitoka damu. Zaidi hapo."

"Na kuimba?"

"Imba."

Niliinuka kwenye kile kiti nikamkumbatia, na akasema tena Cucu kwa bahati mbaya, nikamsamehe.

Siku ya mahari ikafika. Jua la Mitunguu mnalijua, halina adabu. Migomba ilikuwa imetoka kunyweshwa, na matope yalikuwa hadi kando ya njia. Nikawaambia wanawake wetu wafunge lango kwa komeo na tena kwa kamba ya mgomba, ili waje wajue wamefika. Kaka yangu alikuwa amesimama mbali karibu na tangi la maji. Nilijua kijana wa spika alikuwa mahali fulani nyuma ya nyumba, ametayarishwa kwa ajili yangu, iwapo nitashindwa. Binti alikuwa amefichwa chumbani na wenzake, kama desturi inavyotaka, mpaka aitwe.

Nilisimama mbele ya lango. Mdomoni sikuwa na asali. Nilikuwa na maji tu.

Wakafika. Nikasikia viatu, nikasikia wanaume wakikohoa, kisha ikapanda sauti kavu na ya juu niliyoitambua mara moja. Aliimba kwamba wametoka mbali, wamevuka mito mikubwa, miguu imechoka, mwenye nyumba awaonee huruma.

Nilivuta pumzi. Kwa kitambo kidogo nilihisi mkono wa kulia ukianza kupanda kuelekea mdomoni. Nikaukamatisha lango.

Nikaimba: mito gani hiyo, mbona viatu vyenu ni vikavu?

Wanawake wetu wakalipuka nyuma yangu kwa kiitikio, mto gani, mto gani. Nje nikasikia watu wakicheka, na kwenye upenyo wa lango nikaona mmoja akitazama viatu vyake. Sauti yangu haikuwa laini. Ilikuwa imekaa muda mrefu bila kazi, ikakwaruza mwanzoni kama bawaba iliyokosa mafuta, kisha ikafunguka. Yule wa nje akaimba kwamba walivuka kwa daraja. Nikaimba kwamba daraja hilo lilijengwa na kodi ya ndizi zetu, walipe kwanza. Akaimba kwamba wameleta asali. Nikaimba kwamba asali tunaijua, ilishatutia hasarani. Hapo aliyeelewa alikuwa mmoja tu, na nilisikia wimbo wake ukikatika katikati kwa kicheko.

Tuliwaweka nje. Wallahi, kama wasemavyo Waislamu wa Maua, tuliwaweka. Wanaume wao walihamia kivuli cha migomba. Mzee mmoja wa kwao akaomba maji juu ya ua akapewa. Hakuna aliyekasirika. Watoto wa jirani walipanda juu ya ukuta, na kaka yangu alikuwa amesogea kutoka kwenye tangi hadi nyuma yangu kabisa, anaitikia pamoja na wanawake, mwanaume mzima, kofia mkononi.

Mwishowe yule wa nje akabadilisha wimbo. Akaimba taratibu kwamba ewe wa ndani, mimi nakujua, nakujua hadi ndani ya mdomo, nimesimama nawe ukilia, nifungulie dada yangu. Wenzake wakanyamaza kwa sababu hawakuujua wimbo huo. Haukuwepo kabla ya pale.

Mimi ni mtu wa langoni na jibu sikosi. Nikaimba kwamba hata mimi nakujua, wewe ndiye uliyenipa mdomo ili unishinde, sasa umekwama nje na kosa ni lako.

Kicheko chake kilisikika hadi barabarani. Nami nikacheka. Nilirudisha kichwa nyuma nikacheka kwa mdomo wote, mikono yote miwili iko kwenye komeo nalivuta, kamba ya mgomba imekatika, lango linafunguka, vigelegele vinapaa, na yule mwanamke wa kitambaa cha manjano ananiangukia mabegani akisema kwamba nimemuua na jua, nimemuua kabisa.

Baadaye wasichana waliokuwa chumbani walinisimulia yaliyotokea huko. Binti yangu alikuwa ameketi kitandani amevalishwa, anasikiliza. Kicheko kile kilipofika dirishani, aliinua kichwa akauliza, "Ni nani huyo anacheka hivyo?"

Wakamwambia ni Tata yako.

"Hapana," akasema. "Tata hachekangi hivyo."

Akainuka. Walijaribu kumzuia, kwa kuwa bibi harusi hatoki kabla ya kuitwa, ni mwiko. Akawapita. Nikamwona amesimama mlangoni, mavazi yake yote na shanga zake, mbele ya wakwe wote walioshangaa, ananiangalia mimi peke yangu. Mtoto niliyemlea tangu anajifunza kutembea hakuwa anakumbuka kuniona meno nikicheka.

Nilikuwa bado nacheka. Mikono niliiacha chini, akayaona.